Mchanga Nilioushindilia

Mtu akianza kunifundisha habari ya mchanga, huwa namwangalia tu. Nimejenga Nairobi hii miaka ishirini na mbili. Mchanga wa mto naujua kwa kuusugua kati ya vidole. Naujua uliochanganywa na udongo, naujua ule uliomwagiwa maji ili uonekane mwingi, na nimewahi kufukuza lori zima pale saiti, kontrakta akinipigia kelele, na mwishowe ikaonekana mimi ndiye niliyekuwa na haki. Kwa hivyo kama kuna kitu ambacho sikutarajia kinivunje moyo katika maisha yangu, ni mchanga. Tena mchanga wenyewe ndoo mbili tu.

Naishi Kianda, huku Kibera, chumba kimoja chenye pazia katikati. Mama wa mtoto wangu alihama miaka minne kabla ya haya ninayoyasimulia, akaenda Kawangware, na baadaye akaolewa huko na fundi wa nguo. Sitamsema vibaya yule mwanamke. Alikuwa na neno moja alilonirushia kila tukigombana: wewe huambiliki. Nami nilikuwa namjibu kwamba anayeambiwa kila kitu ni ng'ombe. Nilijiona mjanja sana kwa jibu hilo. Siku moja akachukua mtoto, meko ya gesi na godoro jipya, akaniachia redio.

Mtoto ni mmoja, msichana, na wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili. Alipewa jina la mama yangu mzazi, kama ilivyo desturi kwetu Waluhya, na kwa sababu hiyo mdomo wangu haujawahi kumwita jina hilo moja kwa moja. Namwita Mama. Kila Jumamosi alikuwa anakuja kwangu, tunapika chapati, ananisimulia mambo ya shule, jioni namrudisha kwao.

Mwaka ule alipokuwa anamaliza gredi ya sita, mama yake alinipigia simu nikiwa kazini. Akaniambia mtoto ameanza kusema kwamba gredi ya saba angependa kuisomea huku kwetu, akae na mimi, kisha awe anaenda Kawangware wikendi. Yeye hatamkataza wala hatamsukuma. Akitoka ushago, kijijini kwa nyanya yake, baada ya sikukuu, mtoto ataamua mwenyewe, kabla shule hazijafunguliwa. Nilikaa chini juu ya mawe, simu bado sikioni, na saruji yangu ikaanza kukauka kwenye karai. Haki, nilitaka yule mtoto arudi nyumbani kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Wenzangu waliniuliza kama nimefiwa.

Tanki la samaki lilikuwa limeingia nyumbani miezi michache kabla ya hapo. Mama mmoja tuliyemjengea ukuta alikuwa anahama nchi, akaniuliza kama nina mtoto, nikasema ninaye, akanipa tanki la kioo lenye urefu wa mkono wangu mzima, na pampu yake ya hewa. Niliomba mtu wa boda aende polepole, nikalikumbatia kutoka kule hadi Kianda, watu wakinicheka njia nzima. Mama alipoliona Jumamosi iliyofuata, alilizunguka mara tatu. Halafu akasema anataka kambare wadogo.

Wako kambare wadogo kama kidole gumba, wenye sharubu, hawakui zaidi ya hapo. Alikuwa amewaona kwenye simu ya mama yake. Samaki hawa hawataki changarawe, maana inawakata zile sharubu. Wanataka mchanga, laini, wauchimbe kwa mdomo, wateme, wachimbe tena, ndivyo wanavyotafuta chakula. Mimi nikasema kama ni mchanga umefika kwa mwenyewe. Nilileta wa mto kutoka saiti, nikauchekecha kwa wavu, na siku nzima mimi na yeye tukauosha kwenye beseni pale nje, tunamwaga maji ya tope, tunaweka mengine, tunakoroga kwa mikono, mpaka maji yakabaki meupe. Hiyo ndiyo siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo katika chumba kile. Majirani walipita wakatuuliza kama tunapika githeri.

Tukanunua kambare sita. Mama akamwaga mchanga mwenyewe kwa kikombe, kidogokidogo, akapima kwa vidole vyake: vidole viwili kwenda juu, basi. Mimi nikacheka. Nikamwambia hiyo si kitu, upepo ukipita utaondoka nao. Akaniangalia kwa lile jicho la mama yangu, akasema ni vidole viwili.

Kabla hajaenda ushago, alinipa kazi. Wiki nne nzima hatakuwepo. Aliandika kwenye karatasi ya daftari, akaibandika ukutani kwa ugali uliobaki, maana gundi hatukuwa nayo. Kila Ijumaa nichukue uma, nikoroge kona moja tu ya mchanga, polepole, nishuke hadi chini, halafu niiache. Ijumaa inayofuata kona nyingine. Nisikoroge tanki zima kwa siku moja hata iweje. Chakula kiwe kidogo. Maji mapya yalale kwenye ndoo siku nzima kabla ya kuyamwaga, ili dawa ya mfereji itoke. Chini akachora visanduku vinne, kila kimoja kona yake, nitie alama nikishamaliza.

Nikamuuliza kwa nini tukoroge kitu ambacho kimetulia. Akanieleza kwamba mchanga ukikaa bila kuguswa, chini yake kunajikusanya hewa mbaya, na hiyo hewa ikitoka yote mara moja inaua samaki. Alinieleza vizuri, kwa subira, akitumia mikono. Na mimi nilifanya nini? Nilitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza, huku nikijiambia kwamba mtoto wa gredi ya sita anataka kunifundisha mchanga.

"Baba, umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia, Mama."

Sikuwa nimesikia kitu.

Wiki ya kwanza wale kambare walifanya kazi yao. Walichimba. Ukitoka asubuhi mchanga uko sawa, ukirudi jioni kuna mashimo hapa, vilima pale, kioo cha nyuma kinaonekana mpaka chini. Kwa fundi ile ni aibu. Nilifikiria Mama anarudi, anaingia, anaona sakafu ya tanki imeparaganyika hivi, anafikiria baba yake hajali. Nikachukua mwiko wangu mdogo wa kupigia lipu, nikauosha, nikausawazisha ule mchanga. Kesho yake wakachimba tena. Nikausawazisha tena, safari hii nikiugandamiza kidogo kwa ubapa wa mwiko ili ushike. Wiki ya pili nikaona tatizo ni kwamba mchanga wenyewe ni mchache, hauna uzito wa kukaa. Nikaongeza. Ukafika shubiri nzima. Nikaushindilia taratibu, kona hadi kona, nikachukua pima maji nikaiegemeza kwenye kioo kwa nje, na kile kiputo kikakaa katikati kabisa. Nilirudi nyuma hatua mbili nikautazama. Sakafu nzuri namna ile hata kwa balozi huipati.

Na chakula, we acha tu. Niliwaonea huruma, nikawa nawapa asubuhi na jioni, kidole na nusu cha vile vipunje. Kambare sasa walikuwa hawawezi kuchimba, wanagongagonga tu kwa midomo, kwa hivyo chakula kilibaki juu, na mimi jioni napita na mwiko, nakifukia, naushindilia. Ile ndiyo kazi niliyokuwa naifanya kwa upendo, wiki tatu mfululizo. Nilikuwa nazika uozo kwa mikono yangu mwenyewe na kupiga mluzi.

Ijumaa zilipofika, nilitia alama kwenye visanduku. Hilo sina namna ya kulisema likawa zuri. Sikugusa kona hata moja kwa uma. Lakini sikutaka arudi akute visanduku vitupu, na moyoni nikajiambia kwamba kusawazisha na kukoroga ni jamaa moja, yote ni kutunza. Nikatia alama ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa ile penseli yangu ya saiti.

Alhamisi ya wiki ya mwisho, mama mwenye nyumba alikuja. Ni mama mtu mzima wa Kinubi, anaishi Makina, huja mwenyewe kwa miguu kuangalia vyumba vyake. Alisimama mlangoni akavuta pumzi, akaniuliza kwa upole kama nina yai lililoharibika mahali. Nikasema sina. Akaniambia nitafute vizuri, mwanangu, kuna yai. Alipoondoka nikainama karibu na tanki. Kwa pembeni, kupitia kioo, niliona mchanga wangu umekuwa na michirizi myeusi kuanzia katikati kwenda chini, na viputo vidogo vinapanda kimoja kimoja. Wale kambare walikuwa wamekusanyika kwenye pampu ya hewa.

Mtu mwingine angesoma ile karatasi. Ilikuwa ukutani, hatua mbili kutoka niliposimama. Mtu mwingine angempigia simu mtoto. Mimi niliona mchanga mchafu, na mchanga mchafu dawa yake naijua: unaupindua wote, unautoa uchafu. Ijumaa nilitoka kazini nimechelewa. Jumamosi ndiyo walikuwa wanakuja, yeye na mama yake, saa tano, kuona mahali atakapolala na kuniambia alichoamua. Nilikuwa nimetundika pazia jipya. Nilikuwa nimemtengenezea meza ya kusomea kwa mbao nilizozipiga randa mwenyewe, na juu yake nimeweka daftari mbili mpya.

Saa moja asubuhi nikakunja mkono wa shati, nikaingiza mwiko hadi chini kabisa, nikaupindua mchanga wote.

Harufu ilinipiga nikarudi nyuma. Maji yakawa meusi, kisha kijivu. Vitu kama vitambaa vyeusi vikaelea. Mwanzo sikuwaona samaki. Halafu nikawaona wote juu, midomo nje ya maji, wanapanda na kushuka, wanapanda na kushuka. Nikashikwa na wazimu. Nikachota maji machafu kwa karai nikamwaga nje, nikachukua mtungi uliotoka kuletwa asubuhi ile ile, maji ya mfereji hayajalala hata saa moja, nikayamimina yote. Nilikuwa naongea nao. Nilikuwa nawaambia ngojeni, ngojeni kidogo, anakuja. Wa kwanza akalala ubavu. Niliweka kiganja chini yake nikamsimamisha, nikimwachilia analala tena. Kufikia saa tatu walikuwa wamebaki wawili, na saa nne hakukuwa na hata mmoja.

Nilifikiria kukimbia nikanunue wengine. Nawaambia ukweli, nilivaa hata viatu. Lakini maji yalikuwa bado kama ya mtaro na muda haukuwepo, nikavua viatu, nikakaa kitandani.

Walifika saa tano kamili. Mama yake aliingia kwanza, akaziba pua kwa leso, akaona tanki, akaniangalia. Nilingoja lile neno lake. Mungu anajua nililihitaji, angalau nipate wa kugombana naye. Alitoka akasimama nje kando ya mlango, akatuacha wawili.

Mtoto alikuwa amerefuka ushago. Alikuwa amenibebea mkungu mdogo wa ndizi na kuku wa kuchoma kutoka kwa nyanya yake, vimefungwa kwenye gazeti, akaviweka juu ya ile meza mpya bila kujua ni yake. Akaenda kwenye tanki, akachuchumaa. Aliweka vidole viwili juu ya kioo, kwenye mchanga, akaona havifiki hata nusu. Akaongeza vingine viwili.

"Baba, uliongeza," akasema.

Nikasema niliongeza kidogo tu, ulikuwa unahama. Akaniuliza kama nilikuwa nakoroga zile kona. Hapo ndipo ningejiokoa. Ningesema hapana, Mama, sikukoroga, nilifikiri najua, nisamehe. Maneno hayo si mengi. Lakini nilikuwa nimezoea kuwa mwenye haki tangu kabla hajazaliwa, na ulimi ukaenda njia yake.

"Nilikoroga," nikasema.

Akageuka akaitazama ile karatasi ukutani. Alama tatu, penseli ile ile, zimeandikwa vizuri, sanduku la nne tupu. Akaitazama muda mrefu. Uso wake haukukasirika, na hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Alikuwa anafikiria, kama mtu anayepiga hesabu ya darasani na anapata jibu ambalo hakulitaka.

"Ungeniambia tu hutaki," akasema. "Ningemwambia jirani akufanyie."

Akaomba kijiko. Akawatoa samaki mmoja mmoja, akawaweka kwenye mfuko wa karatasi, sita, akaukunja mdomo wa mfuko. Sikumsaidia kwa sababu hakuniomba. Nilitaka kumwonyesha ile meza na pazia, lakini alikuwa ameshaushika mfuko anaelekea mlangoni. Tulipofika nje, alimshika mama yake mkono, akaniambia kwa adabu kabisa kwamba ameamua atabaki Kawangware, shule ya kule pia si mbaya. Nikamwambia ni sawa. Nikawasindikiza hadi barabarani, tukaagana, nikarudi ndani nikala kuku wa mama mkwe wangu wa zamani nikilia, peke yangu, mtu mzima na mikono yangu hii mikubwa.

Jumamosi iliyofuata hakuja, na iliyofuata pia hakuja. Mama yake alikuwa anasema kwenye simu kwamba ana kazi nyingi ya shule, na sauti yake ilikuwa nzuri kwangu kuliko ilivyowahi kuwa miaka yote tuliyokaa pamoja, nikajua mambo yameharibika kweli. Kama angeendelea kunitukana ningejua bado kuna kitu.

Basi nikauosha ule mchanga. Niliumwaga wote nje juani, nikaugeuza kwa mikono siku tatu mpaka weusi ukaisha na harufu ikaenda. Nikauosha beseni kwa beseni. Nikapunguza, nikabakiza wa vidole viwili vyake, si vyangu. Nikasugua tanki kwa maji matupu. Halafu nikakodi mkokoteni, nikapanga tanki katikati ya magunia, mchanga kwenye ndoo kando, nikausukuma mwenyewe kutoka Kianda, nikavuka Ngong Road, hadi Kawangware. Nilikuwa nimepiga simu mapema. Njiani nilikuwa nimepanga maneno. Ningesema: nilidanganya, Mama. Nilikuwa nayarudia kila gurudumu likigonga jiwe.

Wanaishi vyumba viwili nyuma ya duka la yule fundi wa nguo. Ni mtu mfupi, mpole, utepe wa kupimia bado shingoni. Alinisaidia kushusha tanki, akaniita mzee, akanipa kiti na chai. Mtoto akatoka chumbani. Nikaweka kikombe chini, nikayasema yale maneno hapo hapo mbele ya wote, kabla hayajanikauka: kwamba sikukoroga hata kona moja, na zile alama zilikuwa za uongo. Akasema anajua. Akasema, "Asante kwa kusema, Baba." Sikuwahi kusikia neno la asante likiuma namna ile.

Wakaanza kupanga tanki. Yule fundi wa nguo alipiga magoti sakafuni na kikombe cha mchanga mkononi, akamuuliza mtoto aanzie wapi. Akaambiwa huku. Akaanzia huku. Akaambiwa apunguze mwendo, akapunguza. Aliuliza kama unatosha, mtoto akaweka vidole viwili, akamwambia bado kidogo, naye akaongeza kidogo, akangoja. Hakusema neno moja kuhusu mchanga. Huenda haujui kabisa. Mtoto alikuwa anacheka, amepiga magoti kando yake, na kwenye kona mchanga ulikuwa umekaa mteremko, si mwingi, upande mmoja juu.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilikuwa tayari nimeinuka kwenye kiti, nimefika, vidole viko juu ya mchanga.

"Hapana, Baba," akasema, wala hakupandisha sauti. "Utakuwa unakuja kuwaangalia samaki wapya, hata kila Jumamosi. Lakini mchanga usiuguse."

Nikasema sawa. Nikatia mikono mfukoni, na ndivyo ninavyosimama pale kila Jumamosi.